Rangi ya Kucha au Rangi ya Modeli? Kupaka Kilengeo cha Bastola Macho Yanapozeeka

Mwaka niliotimiza miaka 52 ndipo kilengeo cha mbele kilipoanza kunitoroka. Siku yenyewe naikumbuka. Tulikuwa renji ya Kirigiti, uwanja wa kulengea shabaha kule Kiambu, Jumamosi ya Julai yenye wingu zito, nami nimesimama mita 10 kutoka kwenye karatasi ya shabaha. Karatasi naiona, hata matundu ya risasi za aliyenitangulia nayahesabu. Lakini kile kijino cheusi kwenye ncha ya bastola, ambacho miaka yote kilikuwa na pembe kali kama kona ya kiberiti, kilikuwa kimegeuka kivuli. Nikikitafuta ndani ya pengo la kilengeo cha nyuma, mara nakiona kimoja, mara kama viwili. Risasi zangu zilitawanyika karatasi nzima.

Mzee mmoja wa pale, aliyenizidi miaka kumi hivi, aliitazama karatasi yangu, kisha akaniambia taratibu, "Ndugu yangu mdogo, mkono wako hauna neno. Hilo ni jicho. Kakipake rangi."

Tangu hapo nimepaka, nimebandua, nimepaka tena. Naandika haya kwa ajili ya mwenye leseni ya bastola aliyevuka miaka 40 ambaye ameambiwa "paka rangi" lakini hakuambiwa ni rangi gani, ya kucha au ile ya kupakia modeli za ndege na magari madogo, wala ipakwe wapi, wala kama rangi kweli ndiyo dawa ya shida yake.

Rangi na miwani: kipi kwanza?

Macho yanapozeeka yanaleta mambo mawili kwa pamoja, na watu wengi huyachanganya. La kwanza ni ukungu. Lenzi ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyokwenda, na kuanzia miaka ya arubaini haiwezi tena kujivimbisha vya kutosha kutazama vitu vya karibu. Ndiyo maana simu unaisogeza mbali ili usome ujumbe wa M-Pesa. Kilengeo cha mbele kiko umbali wa mkono ulionyooka, kama sentimita 60 hadi 70 kutoka kwenye jicho, na siku moja hata huo umbali unakuwa karibu mno.

La pili ni giza. Mboni hupungua upana, lenzi nayo huanza kuwa na umanjano. Inakadiriwa kwamba mtu wa miaka 60 hupokea ndani ya jicho takriban theluthi moja tu ya mwanga anaoupokea kijana wa miaka 20 mahali pale pale. Kijino cheusi ndani ya pengo jeusi, mbele ya karatasi ya kahawia, kwa mwanga wa theluthi moja: hapo jicho linatafuta.

Rangi inasaidia dhidi ya giza. Ukungu haiugusi. Kilengeo kilichopakwa vizuri utakipata haraka, lakini kingo zake hazitarudi kuwa kali kwa sababu ya rangi. Mtu asipolielewa hili atanunua chupa sita na kubaki pale pale.

Kuna jaribio dogo la kujua uko upande gani, na halihitaji bastola. Toboa kadi ngumu kwa pini. Nyoosha mkono, simamisha kidole gumba, funga jicho moja, kisha tazama ukingo wa ukucha kupitia kile kitundu. Ukiuona umekuwa mkali kuliko ulivyokuwa bila kadi, shida yako kubwa ni ukungu, na miwani itakusaidia. Usipoona tofauti yoyote, au ukiwa unaona taa za magari usiku zimezungukwa na duara la mwanga, weka bastola kabatini na uende kwa daktari wa macho kwanza. Huenda ni mtoto wa jicho, na huo hautibiwi kwa brashi. Hapa Nairobi kuna Hospitali ya Macho ya Lions kule Loresho, na ukitaka kutoka kidogo kuna kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA Kikuyu.

Kuhusu miwani, usiende na ile ya kusomea gazeti. Miwani ya kusomea ya +2.50 hukaza macho kwenye sentimita 40, umbali wa kitabu. Chukua uzi, mtu akupimie kutoka pembeni ya jicho hadi kilengeo mkono ukiwa umenyooka, bastola ikiwa tupu. Wangu ulitoka sentimita 68. Gawa 100 kwa 68 upate karibu 1.5, na hiyo ndiyo nguvu ya kukiona kilengeo kikiwa kikali kabisa kama jicho lako halina tena uwezo wa kujikaza. Tatizo ni kwamba karatasi nayo inazama kwenye ukungu. Mimi nilitulia kwenye +1.00 juu ya namba yangu ya kawaida ya kuonea mbali: kilengeo si kikali kama wembe, karatasi si kali kama wembe, lakini vyote viwili vinatosha. Aliye na miaka 45 mara nyingi atatosheka na +0.75, kwa kuwa jicho lake bado lina nguvu kidogo ya kujikaza lenyewe.

Mwenye miwani ya ngazi mbili au ya kushuka polepole ataona jambo la ziada. Sehemu ya karibu iko chini ya lenzi, kwa hiyo ili akione kilengeo inabidi ainue kidevu kama anayetazama ghorofa. Shingo inachoka, na kila risasi inaanza na kichwa mahali tofauti. Mwombe fundi wa miwani akutengenezee jozi ya namba moja tu kwa ajili ya renji, na iwe ya polikaboneti, ile plastiki ngumu, inayofunika pembeni, kwa sababu miwani hiyo inalinda jicho na maganda ya risasi ya moto pia.

Basi jibu langu ni hili: jaribio la pini likikuonyesha ukungu, fedha ya kwanza iende kwenye miwani. Rangi ifuate. Ukivipata vyote viwili utashangaa.

Nyekundu, chungwa, nyeupe au kijani cha ndimu?

Hapa ndipo nilipokosea mwanzoni, na naona wengi wakikosea njia hiyo hiyo. Nilikwenda kibandani kwa binti mmoja anayepaka kucha katikati ya jiji, nikamwambia nataka rangi inayoonekana mbali. Akanipangia chupa kumi mezani. "Baba, chukua hii nyekundu, hii inaita," akasema, na kweli chini ya balbu yake nyeupe iliita. Nilinunua kwa shilingi 150 na kukipaka kilengeo chote usiku ule.

Jua la saa nne kilikuwa kizuri. Lakini saa kumi na mbili jioni, chini ya paa la mabati la renji, nikainua bastola na kukuta kilengeo kimekuwa cheusi kuliko hata kabla sijakipaka.

Sababu unaweza kuiona nyumbani. Simama jioni karibu na ua la bogenvilia nyekundu. Jua likishazama, maua yale yanayowaka mchana kutwa hugeuka meusi ilhali majani ya kijani bado unayaona. Jicho kwenye mwanga hafifu hutumia chembe nyingine za kuonea, na chembe hizo karibu hazisikii wekundu kabisa. Mchana jicho huona vizuri zaidi rangi iliyo kati ya njano na kijani, mawimbi ya nanomita 555 hivi. Giza likiingia uwezo huo unasogea upande wa kijani-samawati, karibu nanomita 507. Wekundu uko mwisho wa mstari nyakati zote mbili. Ile ya kati ya njano na kijani ndiyo rangi ya jaketi la boda boda, inayokuangazia kutoka mbali Thika Road hata siku ya mvua. Mipira ya tenisi nayo ilikuwa myeupe hadi shirikisho la kimataifa la mchezo huo lilipoingiza ya njano mwaka 1972, ili ionekane vizuri kwenye televisheni.

Kwa hiyo kati ya rangi hizi nne, kwa jicho la mtu mzima naweka kijani cha ndimu kinachowaka mbele. Chungwa linalowaka ni la pili na linapigana naye kwa karibu. Kama renji yako ina ukuta wa udongo wenye nyasi nyuma ya karatasi, chungwa linaweza kushinda, kwa kuwa kijani humezwa na majani. Hapo jiamulie kwa kutazama mahali unapolengea. Nyeupe tupu ni nzuri gizani kuliko nyekundu, lakini kwenye karatasi nyeupe inapotea kama maziwa kwenye uji. Nyekundu ningemwachia kijana.

Neno "linalowaka" lina uzito wake. Rangi hizi hunyonya miale ya urujuanimno ya jua, isiyoonekana, na kuirudisha kama mwanga unaoonekana. Ndiyo maana siku ya wingu la Julai, kila kitu kinapokuwa cha kijivu, zenyewe zinazidi kung'aa: miale hiyo inapenya wingu. Lakini kwenye chumba chenye balbu za LED, ambazo karibu hazitoi miale hiyo, uwakaji unapungua na unabaki na njano ya kawaida. Anayelengea ndani ya jengo asitegemee maajabu aliyoyaona nje.

Jambo moja lililonichukua muda kulitambua ni kwamba rangi inayowaka ni nyepesi, mwanga unapita hadi chuma cheusi cha chini na kuzama huko. Ukiipaka moja kwa moja juu ya kilengeo cheusi unapata tope la kijani. Lazima iwe na msingi mweupe chini yake. Msingi huo mweupe, naamini, ni nusu ya kazi nzima.

Chupa ya kucha au chupa ya modeli

Sasa swali la kichwa cha habari. Rangi ya kucha inapatikana kila kona, ina brashi yake, inakauka upesi na inatoka kwa asetoni. Kwa mtu anayejaribu, hakuna kitu bora. Paka leo chungwa, Jumamosi ijayo kijani, utumie chini ya shilingi 500 na ujue jicho lako linapenda nini. Kasoro yake ni ile ile sifa yake: inayeyuka. Dawa nyingi za kusafishia mtutu huilainisha. Mara ya kwanza niliposafisha bastola baada ya kupaka, kitambaa kilitoka na wekundu na kilengeo kikabaki na utomvu kama wa mpapai, umenata vumbi la baruti.

Rangi ya modeli, yaani ile ya mafuta ambayo watu hupakia ndege na magari madogo ya kuunganisha, ni ngumu zaidi. Chapa kama Humbrol huuza vikopo vidogo vya mililita chache. Inachukua siku nzima kukauka sawasawa, na wiki yenye baridi huchukua zaidi, lakini ikishashika inavumilia mafuta ya bunduki na msuguano wa ala ya bastola miezi mingi. Haipatikani kila duka. Usipoipata, akriliki ya maduka ya vifaa vya sanaa hufanya kazi kwa sharti uifunike kwa tabaka la rangi ya kucha isiyo na rangi, kwa sababu peke yake inabanduka kama ganda.

Ile ya kufutia makosa ya kalamu, nyeupe, wengine huitumia kama msingi. Inafanya kazi, lakini ni kavu na inapasuka. Bastola ikirudi nyuma kwa kishindo mara mia, kipande kinaruka. Msingi wa rangi ya kucha nyeupe ni bora.

Uamuzi wangu kati ya hizi mbili: kucha kwa majaribio ya mwezi wa kwanza, modeli kwa kudumu. Anayesafisha bastola mara mbili kwa mwaka anaweza kubaki na kucha maisha yake yote. Anayelenga kila wiki atachoka kupaka upya.

Kilengeo kizima au nukta?

Hapa nakuomba usome polepole, maana hapa ndipo rangi inaweza kukuharibia shabaha.

Kilengeo hutumika kwa ukingo wake wa juu: ukingo huo unalinganishwa na ukingo wa juu wa kilengeo cha nyuma. Ukiweka nukta inayowaka katikati ya uso wa kijino, jicho litavutwa na nukta, na bila kujua utaanza kuilinganisha nukta badala ya ukingo. Tuseme kitovu cha nukta kiko milimita 1.5 chini ya ukingo, na vilengeo viwili viko umbali wa milimita 165 kimoja na kingine, kama bastola nyingi za ukubwa wa kati. Kosa la milimita 1.5 hapo ni kupanda kwa risasi karibu sentimita 9 ukiwa mita 10. Nimemwona mtu akilalamikia risasi zake, akilalamikia mkono wake, na kumbe ni nukta.

Ukipaka uso wote hadi juu, unaondoa shida hiyo lakini unaleta nyingine: mwangaza mkali hutapakaa kwenye jicho lililozeeka na ukingo unaonekana mnene. Njia niliyoishia nayo ni kupaka uso wote unaonitazama, kisha kupitisha kijiti cha meno chenye spiriti kwenye ukingo wa juu kabisa, kuacha uzi mwembamba mweusi usiozidi nusu milimita. Ule uzi mweusi juu ya kijani unaupa ukingo mwanzo na mwisho. Uso wa juu wa kijino, unaotazama mbingu, usiupake hata kidogo. Rangi pale inarudisha jua na kukuhadaa kuhusu urefu.

Na kilengeo cha nyuma kiache cheusi. Kama kina nukta nyeupe za kiwandani, zizime kwa kalamu nyeusi ya wino usiofutika. Macho ya mtu mzima hayahitaji vitu vitatu vinavyoita kwa wakati mmoja.

Njia nyingine, kwa ufupi

Rangi inayong'aa gizani, ya strontiamu aluminati, hujazwa mwanga kwa tochi na kung'aa kijani kwa nguvu dakika chache za kwanza, kisha inafifia. Mchana inaonekana kama nyeupe iliyochafuka. Mimi naiona dhaifu kote kuwili, na anayehofia usiku anahitaji tochi ya kumtambua aliye mbele yake kabla ya kuhitaji kilengeo.

Kilengeo chenye uzi wa plastiki unaokusanya mwanga kinashinda rangi yoyote mchana, ila uzi huvunjika. Chenye tritiamu, gesi ya mionzi, huwaka chenyewe, na nguvu yake hupungua nusu kila miaka 12 na kidogo. Kama unacho, usikipake wala usikiguse kwa asetoni. Kilengeo cha nukta ya umeme ndicho kinachoondoa ukungu kabisa, kwa kuwa nukta huonekana iko mbali sawa na karatasi, ingawa mwenye astigmatizimu, yaani jicho lisilo na mviringo sawasawa, ataiona kama koma au nyota. Vyote hivi hugharimu maelfu na ni kazi ya duka la silaha lenye leseni. Usianze kubadilisha vilengeo mwenyewe jikoni.

Namna ninavyopaka

Toa magazini, vuta nyuma kipande cha juu cha bastola (slaidi), tazama chemba, pale risasi inapokaa, kwa jicho na uiguse kwa kidole. Risasi zote ziende chumba kingine. Kisha ifungue bastola kama unavyoifungua kuisafisha, na kipande cha juu peke yake ndicho kije mezani. Kipande hicho hakiwezi kufyatua kitu, na wewe unaweza kukigeuza utakavyo.

Osha kilengeo kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke safi. Mafuta kidogo tu yakibaki, rangi itabanduka wiki ile ile. Kama kilengeo ni cha plastiki, asetoni usiilete karibu. Zungushia utepe wa karatasi, na namba za usajili zisipatwe hata na tone, maana ndizo anazolinganisha mkaguzi na cheti chako.

Sasa simamisha kipande mtutu ukitazama chini, kwenye kikombe chenye kitambaa. Watu huacha hatua hii, na ndiyo inayotofautisha kazi safi na kazi ya mtoto. Ukikilaza kama kawaida, uso wa kijino umesimama wima na rangi inateleza kukusanyika chini. Ukikisimamisha hivi, uso unalala kama meza na tone la rangi linajitandaza lenyewe hadi kwenye kona. Tumia ncha ya kijiti cha meno, si brashi ya chupa. Tabaka mbili nyembamba nyeupe, tatu za kijani, na kati ya tabaka na tabaka subiri kwa uvumilivu. Mwisho tabaka moja isiyo na rangi. Acha siku nzima.

Nilipomaliza mara ya kwanza kwa njia hii nilirudi Kirigiti jioni, saa kumi na mbili kasorobo, wingu likiwa lile lile. Nikainua bastola. Kijino kilikuwa pale pale kwenye pengo, kijani, kikinisubiri.

Jua letu hapa karibu na ikweta linachakaza rangi zinazowaka, na zinafifia polepole kiasi kwamba jicho halitambui. Siku unapopaka, chora mstari wa rangi hiyo hiyo juu ya msingi mweupe kwenye kadi, uitie kwenye droo yenye giza. Kila miezi sita itoe kadi, toka nayo nje pamoja na kile kipande cha juu, uviweke kando kwa kando. Mstari wa kadi ukikizidi kilengeo, bandua na upake upya.